Picha inavyoficha na inavyofichua: majibu kwa maswali yenu

Mwalimu, shikamoo. Dalali wa nyumba aliomba picha ya kitambulisho changu. Nikafunika namba kwa kalamu nyeusi iliyomo kwenye simu, nikatuma. Binti yangu anasema namba bado inasomeka. Inawezekanaje?
*Mama wa watoto watatu, Morogoro*

Marahaba, mama. Binti yako anaweza kuwa amesema kweli.

Kwa kompyuta, picha ni jedwali la namba. Kila nukta, ambayo tunaiita pikseli, ina namba tatu, za wekundu, ukijani na ubuluu, na kila namba ni kati ya 0 na 255. Ile kalamu nene ya kwenye simu mara nyingi imetengenezwa kwa ajili ya kukoleza maandishi, kwa hiyo wino wake unapenyeza. Ukiipitisha mara nne au tano, karatasi iliyokuwa na thamani 200 inashuka hadi 6, na herufi iliyokuwa na 30 inashuka hadi 1. Jicho linaona weusi mtupu. Lakini 6 na 1 si sawa, na mtu akiongeza mwangaza kwa programu ya kawaida ya kuhariri picha, namba yako inajitokeza.

Kutia namba ukungu, au kuigeuza kuwa vigae vikubwa vya rangi, navyo si salama kwa tarakimu. Tarakimu ni kumi tu: mtu anaandika kila moja kwa mwandiko uleule, anaitia ukungu uleule, kisha analinganisha. Kuzungusha picha kama maji yanayoingia shimoni hakusaidii pia. Mwaka 2007 Interpol ilitangaza sura ya mtu aliyekuwa akidhulumu watoto, ambaye alikuwa ameuzungusha uso wake kwenye picha. Polisi wa Ujerumani waliuzungusha kinyumenyume, na mwezi huohuo akakamatwa Thailand. Pale nashukuru kwamba ufundi wa kuficha ulishindwa.

Hata kukata picha kumewahi kuponza watu. Mwaka 2023 Simon Aarons na David Buchanan walionyesha kwamba programu ya kuhariri picha kwenye simu za Pixel za Google ilikuwa ikihifadhi picha iliyokatwa juu ya faili la zamani bila kulifupisha, hivyo mabaki ya picha ya awali yalibaki mkiani.

Fanya hivi, mama: weka umbo la mstatili lililojazwa rangi kabisa juu ya namba, kisha piga picha ya skrini ya kile unachokiona, na utume hiyo. Namba za chini hazimo tena.

Nikimtumia mtu picha niliyopiga nyumbani, anaweza kujua ninapokaa?
*Msomaji, Nakuru*

Anaweza, kama simu yako inaandika mahali ndani ya faili. Desemba 2012 John McAfee, mwasisi wa programu ya kuzuia virusi yenye jina lake, alikuwa mafichoni akapigwa picha na wanahabari wa jarida la Vice. Faili lilipowekwa mtandaoni likiwa na vipimo vya GPS, dunia nzima ikajua yuko Guatemala. WhatsApp huondoa vipimo hivyo ukituma kama picha, lakini ukituma faili hilohilo kama waraka, vinakwenda vyote. Zima ruhusa ya mahali kwenye kamera.

Mwalimu, nafanya uzamili Dodoma. Nimebuni mbinu ya kusimba picha, yaani kuivuruga isisomeke bila ufunguo wa siri, kwa hesabu za kaosi, ambazo badiliko dogo mwanzoni huleta matokeo tofauti kabisa. Kwenye vipimo viwili vinavyotumika sana, NPCR ni asilimia 99.6 na UACI 33.4, sawa na makala nilizosoma. Msimamizi wangu anasema bado sijathibitisha usalama. Nimekosea wapi?

Hesabu yako ni sahihi, ila umepima kitu kingine. NPCR inauliza: nikibadili pikseli moja ya picha ya awali, ni asilimia ngapi ya pikseli za picha iliyosimbwa zitabadilika? Namba zikitapakaa bila mpangilio wowote, jibu ni 255 kugawanya kwa 256, yaani asilimia 99.61. UACI inapima zimebadilika kwa kiasi gani. Vyote viwili vinasema picha imevurugika. Sasa fikiria mbinu isiyo na ufunguo wa siri hata mmoja, ila inakoroga pikseli kwa ustadi. Itapata alama zilezile, na kila anayeijua ataifungua. Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa maandishi ya siri, aliliweka wazi jambo hili mwaka 1883: adui aijue mbinu yote, akose ufunguo tu, na bado ashindwe.

Kwa hiyo kaa upande wa adui. Ipe mbinu yako picha nyeusi tupu, kila pikseli sifuri. Kama unachanganya pikseli na mfuatano wa namba za siri kwa XOR, hesabu ambayo namba ikichanganywa na sifuri hubaki ilivyo, sifuri itatoa namba ya siri yenyewe. Umemkabidhi adui mfuatano mzima, na kama unautumia tena kwenye picha inayofuata, ataifungua bila hata kuutafuta ufunguo. Mbinu nyingi zilizofuata makala ya Fridrich ya 1998, kuhusu kusimba picha kwa kaosi, zimevunjwa kwa kuchagua picha namna hii.

Angalia pia hatua ya kuhamisha pikseli. Kama ni ramani ya paka ya Arnold, kanuni ya hesabu inayohamisha kila pikseli mahali pengine, kumbuka kwamba inajirudia: picha ya pikseli 124 kwa 124 inarejea kama ilivyokuwa baada ya mizunguko 15 tu, na ya 512 kwa 512 baada ya 384. Hiyo si siri, ni mzunguko.

Kisha jibu swali ambalo msimamizi wako atauliza siku ya utetezi: mbinu yako inatoa nini ambacho AES, mbinu ya kusimba data iliyopitishwa kuwa kiwango cha Marekani mwaka 2001, haitoi? Kasi? Kumbukumbu ndogo? Pima hilo. Na ukilinganisha, usiitumie AES kwa kusimba kila kipande cha baiti 16 peke yake, kwa sababu vipande vinavyofanana vitatoka vikifanana na umbo la picha litabaki linaonekana.

Nimeona umetumia picha ya Lena, ile ya mwanamke ambayo watafiti wa picha wamezoea kujaribia mbinu zao. Ilikatwa mwaka 1973 kwenye jarida la Playboy, katika Chuo Kikuu cha Southern California, na tangu tarehe 1 Aprili 2024 IEEE Computer Society, chama cha wataalamu wa kompyuta, haipokei makala zinazoitumia. Piga picha ya mkeka. Mistari yake inayojirudia itaijaribu mbinu yako vizuri zaidi.

Picha za “asubuhi njema” kwenye makundi zinaweza kuwa na virusi?
*Babu, Tanga*

Shikamoo, babu. Data iliyofichwa ndani ya picha haijiendeshi yenyewe. Hatari huja programu inayoifungua picha ikiwa na kasoro, kama ile ya libwebp, programu ndogo ya kufungua picha za WebP, iliyogunduliwa Septemba 2023 na kulazimisha vivinjari vikubwa kutoa marekebisho haraka. Mwombe mjukuu asasishe simu yako. Na “picha” ambayo jina lake linaishia na .apk ni programu, usiifungue.

Napiga picha za harusi Mombasa. Watu hukata nembo yangu na kuzitumia. Je, kuna alama isiyokatika?

Ipo. Nembo ya pembeni ni kama kipande cha ndimu juu ya sahani, mtu anakiondoa tu. Mwaka 1997 Cox, Kilian, Leighton na Shamoon walipendekeza alama inayokaa kama iliki ndani ya chai. Inatawanywa kwenye sehemu za picha zilizo muhimu kwa jicho, na anayetaka kuitoa analazimika kuiharibu picha yenyewe. Usichanganye na programu za bure zinazoficha ujumbe kwenye biti, yaani 0 au 1, ya mwisho ya kila pikseli, kwa sababu picha ikipita WhatsApp mara moja tu, mgandamizo wa JPEG, unaopunguza ukubwa wa faili, unaufuta ujumbe huo.

Unayo pia alama nyingine ambayo hukuiweka. Mwaka 2006 Lukáš, Fridrich na Goljan walionyesha kwamba kihisi cha kila kamera, kile kinachopokea mwanga, kina kasoro zake ndogo, na zinaacha chapa kwenye kila picha, kama alama za vidole. Ili kuithibitisha, mtaalamu anahitaji makumi ya picha kutoka kamera hiyohiyo. Kwa hiyo usifute mafaili ya awali ukishakabidhi albamu, na ukiwa na kesi ya kudai picha zako, kamera ya zamani usiiuze kesi ikiwa bado inaendelea.