Fundi Anajibu: Pampu Inanguruma Ila Maji Hayaji

SWALI: Fundi shikamoo. Nina pampu ya petroli ya inchi mbili, ile ndogo ya kubeba, namwagilia nayo mboga. Zamani ukishavuta kamba tu, muda si mrefu maji yashafika. Siku hizi injini inanguruma vizuri kabisa ila maji hayaji, au yanakuja kidogo na mapovu halafu yanakata. Nimeshanunua mpira mpya wa kuvutia, tatizo liko palepale. Mmoja kaniambia impela imeisha, mwingine anasema gasketi. Nianzie wapi, na kama ni gasketi naweza kubadilisha mwenyewe?
Mkulima wa mboga

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Naweka dau langu kwenye gasketi, ule mpira au karatasi ya kuziba kati ya vyuma viwili, maana impela, lile gurudumu linalozunguka ndani ya pampu kusukuma maji, ikichakaa maji yanakuja ila yanakosa nguvu, sasa hayo mapovu unayoyaona ni hewa inaingia sehemu. Na ndiyo, kazi hii unaiweza mwenyewe ukiwa na spana na subira.

Kwanza uelewe kitu kimoja kitakachokuokolea hela nyingi. Pampu haiyavuti maji kama unavyovuta ndoo kwa kamba, yenyewe inapunguza tu presha ndani halafu hewa ya nje ndiyo inayasukuma maji yapande mpirani. Ndiyo maana hata pampu iwe nzuri vipi haiwezi kuyapandisha kutoka chini zaidi ya mita 10 hivi, na kwenye kazi halisi ni mita 7 au 8 tu, kwa hiyo kabla hujafungua boliti hata moja pima maji yameshuka kiasi gani tangu pampu ilipokuwa inafanya kazi vizuri. Kama kina ni kilekile basi hewa imepata njia ya mkato, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, maana upande wa kuvuta ukipasuka haudondoshi maji pampu ikiwa inafanya kazi, unanyonya hewa kimyakimya, unaangalia pampu nzima kavu unasema haina shida.

Sasa itege hivi. Zima injini, iache ipoe. Toa kichujio kwenye ncha ya mpira wa kuvutia, inua hiyo ncha juu kuliko pampu, umimine maji mpaka mpira ujae. Halafu fungua kile kifuniko cha juu ya pampu ujaze na tumboni. Futa maungio yote kwa kitambaa yawe makavu, subiri, angalia. Panapotoka tone ndipo hewa inapoingilia, na kwa hesabu yangu mara nyingi utalikuta sehemu mbili: kwenye washa ya mpira iliyo ndani ya ile nati kubwa ya kufungia mpira, ambayo watu wanaisahau kabisa kwa vile ni kadude kadogo, au kwenye gasketi iliyo nyuma ya mdomo wa kuvutia. Kama ni washa, kazi yako imeisha hapo, weka mpya ukaendelee na shamba.

Kama ni gasketi ya mdomo, chomoa kwanza waya wa plagi, funga bomba la petroli, mwaga maji yote kupitia ile boliti ya chini. Piga picha kwa simu kabla hujatoa kitu. Kwenye pampu nyingi hizi gasketi na ile klepu inayozuia maji yasirudi ni mpira mmoja, una ulimi katikati wenye kipande kizito, kwa hiyo angalia vizuri ulimi unaning'inia kutokea upande gani na unafungukia wapi, bawaba yake inakaa juu na unafunguka kuelekea ndani ya pampu. Ukiugeuza utafunga vizuri, utakaza vizuri, na maji hayataingia hata tone.

Ukishatoa gasketi ya zamani usikimbilie kuweka mpya. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo na ndipo mafundi wenye haraka wanapoharibu. Uso wa chuma pale gasketi ilipolala unakuwa na mabaki magumu meusi, pengine na chumvi nyeupe ya aluminiamu iliyoliwa. Yatoe kwa kipande cha mti au plastiki ngumu, usitumie bisibisi wala kisu maana aluminiamu ni laini, mkwaruzo mmoja unaokatiza kutoka ndani kwenda nje unakuwa mfereji wa hewa na gasketi mpya haitauziba. Pitisha ukucha wa kidole taratibu kuzunguka uso mzima, ukucha ukikwama mahali basi hapajawa tayari. Mikwaruzo midogo unaisawazisha kwa msasa laini uliotandikwa juu ya kioo, unazungusha ule mdomo juu yake bila kukandamiza.

Kufunga sasa: boliti zote kwa mkono kwanza, halafu spana, unakaza kwa kuvuka, hii kisha ya upande wa pili, kidogokidogo raundi mbili tatu. Usikaze kwa hasira, nyuzi za kushikia boliti kwenye aluminiamu zinatoka kirahisi na gasketi ikibanwa kupita kiasi inachomoka pembeni. Ukimaliza rudia lile jaribio la kujaza maji, na pampu ijae maji kila unapoiwasha, kuiendesha kavu hata muda mfupi kunaunguza sili ya shafti, ile inayozuia maji yasipite kwenye chuma kinachozungusha impela, na hapo utakuwa umejitafutia kazi kubwa kuliko hii ya leo.

SWALI: Fundi habari za kazi. Kwa nini nihangaike kutafuta gasketi wakati silikoni ya tyubu ipo? Nimeona wengi wanapaka tu wanafunga.

JIBU: Salama kabisa. Wanapaka kweli, na pampu zinarudi. Ubaya wa silikoni ni kwamba unaona ile iliyotokeza nje tu, huoni iliyotokeza ndani, na ya ndani ni nyingi sawasawa na ya nje. Ikishakauka inabanduka vipande, inaenda kukaa kwenye impela. Tena gasketi ina unene wake na unene huo umehesabiwa, kwenye kifuniko cha impela ukiweka kitu chembamba mno impela inasugua, ukiweka kinene mno pampu inapoteza nguvu. Kama huna namna paka kwenye uso bapa usio na mfereji wa oringi, yaani pete ya mpira ya kuziba, utepe mwembamba, uache ukauke saa 24 kabla ya maji, na ukipata gasketi halisi ukaibadilishe.

Njia ninayoipenda zaidi ni kukata yako mwenyewe kwenye shiti ya mpira yenye unene uleule. Paka oili kidogo kwenye uso wa ule mdomo, ubandike kwenye karatasi ngumu upate alama, toboa matundu ya boliti kwanza, ndiyo ukate duara la ndani na la nje mwishoni, halafu ufuatishe karatasi hiyo kukata shiti ya mpira. Ukianza na duara karatasi inacheza na matundu hayatalingana tena. Tyubu ya tairi inafaa kwa upande wa maji, upande wa petroli usiiweke kabisa, inavimba na kulegea.

SWALI: Shikamoo fundi. Pampu yangu inavuta vizuri tu ila inadondosha maji chini, katikati ya pampu na injini. Nimebadilisha oringi ya kifuniko kikubwa, bado.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo oringi haihusiki, hiyo ni sili ya shafti, na usiiache hata kidogo maana maji yakiendelea yanafika kwenye beringi na kwenye oili ya injini, ukiona oili imekuwa nyeupe ujue yameshaingia. Sili yenyewe ina nyuso mbili zinazosuguana, moja ya kaboni na nyingine ya seramiki, na springi inazikandamiza pamoja. Zinabadilishwa zote mbili, mpya na ya zamani hazikai pamoja. Impela kwa kawaida imefungwa kwa nyuzi kwenye shafti, unaizungusha kinyume cha saa ukiwa umeitazama, na nyuma yake kunaweza kuwa na washa nyembamba, zirudi zote kama zilivyokuwa. Zile nyuso usizishike kwa vidole vyenye oili au mchanga, futa kwa kitambaa safi, mpira wa nje ulowanishe kwa maji ya sabuni, halafu sukuma kwa kipande cha bomba kinachoenea mzunguko wote ili iingie sawa bila kulala upande.

SWALI: Kwangu ni kabureta, gasketi yake imekatika, kuna unyevu wa petroli chini yake ila injini inawaka. Naweza kuendelea kuitumia wiki hii nikamaliza kumwagilia?

JIBU: Hapana, dada yangu. Funga petroli sasa hivi. Bomba la moto la moshi liko karibu sana na hiyo kabureta, na pampu unaiacha peke yake ukienda kuangalia maji yanafika wapi. Hiyo gasketi ni ya karatasi maalumu inayostahimili petroli, nunua hiyohiyo, karatasi ya kawaida na silikoni ya kawaida haziwezi. Wakati wa kuibadilisha kaa nje penye hewa, mwaga petroli kwenye dumu, injini iwe imepoa kabisa, na ile ya zamani angalia matundu yake yote, maana baadhi ni njia ya hewa na ukiweka gasketi juu chini utayaziba, injini itawaka kwa choki tu na kuzima ukiifungua.