Maswali na Majibu: Sh. 10,000 ya kubaki wodini baada ya zamu

SWALI: Mimi ni muuguzi katika hospitali moja binafsi hapa Mwanza. Mkataba wangu ni wa saa 45 kwa wiki, siku sita, kuanzia saa 1:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri pamoja na saa moja ya chakula, na mshahara wa msingi ni Sh. 585,000 kwa mwezi. Mara mbili kila wiki matroni hunitaka nibaki hadi saa 4:00 usiku kwa sababu zamu ya jioni ina upungufu, na kesho yake naripoti saa 1:00 asubuhi kama kawaida. Kila ninapobaki napewa Sh. 10,000 mkononi, bila kusaini popote. Wapo wenzangu wanaozitamani saa hizo ili wapate ada za watoto, lakini hawaitwi. Je, malipo haya ni halali, na ninaweza kukataa kubaki?
Muuguzi, Mwanza

JIBU: Dada yetu, pole na kazi. Malipo hayo si halali, na hata yangekuwa kamili, ratiba yenyewe ingebaki na kasoro.

Tuanze na fedha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kila saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa moja. Mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 ili kupata wa wiki, kisha kwa saa 45 za mkataba, na kwako hilo linakuwa takriban Sh. 3,000 kwa saa. Saa ya ziada basi ni Sh. 4,500. Kuanzia saa 2:00 usiku hadi saa 12:00 asubuhi huongezwa asilimia 5, na kwa kuwa saa zako za usiku ni za ziada, asilimia hiyo hukokotolewa juu ya Sh. 4,500, hivyo kila saa inakuwa Sh. 4,725. Unapobaki hadi saa 4:00 usiku unafanya saa nne na nusu kabla ya usiku wa kisheria na saa mbili ndani yake: Sh. 20,250 na Sh. 9,450, jumla Sh. 29,700. Unapewa theluthi moja tu. Ukiitwa siku yako ya mapumziko ya wiki au sikukuu ya umma, kiwango hupanda hadi mara mbili ya mshahara wa saa.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni urefu wa siku yako. Hata tukiitoa saa ya chakula, unafanya kazi saa 14, ilhali mwajiri haruhusiwi kumtaka wala kumwachia mfanyakazi azidishe saa 12 kwa siku. Kwa wiki nne unafikisha saa 52 za ziada, wakati kikomo ni 50. Tena, kati ya kutoka na kurudi kazini unapata saa tisa, na kwa kawaida sheria inataka saa 12 mfululizo. Mtu anayepima dozi za watoto baada ya usingizi wa namna hiyo anawekwa hatarini pamoja na wagonjwa wake, na fedha haziondoi hatari hiyo.

Kuhusu kukataa: saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, kwa hiyo soma mkataba wako uone kama ulikubali, na kama ulikubali, bado vikomo tulivyovitaja vinakulinda. Huenda uongozi ukasema hospitali ni mahali pa dharura. Ni kweli kwamba sheria inalegeza masharti kadhaa kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanywa katika saa za kawaida, kwa mfano majeruhi wa ajali wanapoletwa kwa wingi. Kwa maoni yetu, upungufu unaojulikana tangu rosta inapopangwa, na unaojirudia kila wiki, hauwezi kuitwa dharura.

Wenzako wanaozitaka saa hizo hawana haki ya kisheria ya kudai wapewe, kwani kugawa kazi ya ziada ni uamuzi wa mwajiri, mradi asibague kwa jinsia, dini, kabila, ujauzito na misingi mingine iliyokatazwa. Hata hivyo, pendekezeni katika kikao cha wodi kwamba matroni aweke orodha ya wanaojitolea, na awaite kwa zamu. Ombi hilo ni jepesi kulikubali kuliko madai ya fedha, nawe litakupumzisha.

Kuanzia leo, andika katika daftari lako tarehe, saa ya kuingia, saa uliyokabidhi wagonjwa na jina la aliyekupokea, na uhifadhi nakala ya kila rosta. Kisha mwandikie mwajiri barua ya kuomba malipo yakokotolewe upya na yaonekane katika hati yako ya mshahara, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama wewe ni mwanachama wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, mshirikishe kiongozi wa tawi kabla ya kuipeleka. Mwajiri asipojibu, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa kujaza fomu namba 1, na usichelewe, kwa sababu madai yasiyohusu kuachishwa kazi hupokelewa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, na atakayechelewa hulazimika kwanza kuomba kibali na kueleza sababu.