Kabla hujatandika mkeka, zunguka nyuma ya tuta

Mwaka wa kwanza baada ya kuhamia Dodoma kikazi nilipelekwa ukweni, kijiji kimoja cha Chamwino, na jioni ya siku ya pili tukaamua kwenda lamboni, bwawa dogo la kijiji, na watoto. Ilikuwa mwezi wa sita. Mvua zilishakata, nyasi zote zimegeuka rangi ya mkeka mkuukuu, isipokuwa sehemu moja tu: chini ya tuta, ule ukuta wa udongo unaozuia maji, upande usio na maji, kulikuwa na kijani kizuri na kivuli cha mkuyu. Nikatandika pale pale. Mimi mtu wa Pwani, nikiona majani mabichi na kivuli najua nimefika.

Baba mkwe alikuja na fimbo yake, akasimama, hakukaa. "Mwanangu, hujajiuliza haya majani yanakunywa nini?"

Akaokota chupa ya maji tuliyokwisha kunywa, akaikata shingo kwa kisu, akainama mguuni mwa tuta ambako maji yalikuwa yakichuruzika, unene wa kalamu hivi. Akakinga mpaka ikajaa, akaiweka juu ya jiwe, akasema tuongee mengine kwanza. Tukaongea habari za ng'ombe. Robo saa baadaye akaniita nitazame kitako cha chupa. Maji maangavu, hakuna kilichotuama. "Leo linatoka jasho tu. Siku ukikuta udongo umekaa hapo chini, ujue linaliwa tumboni."

Baadaye nilimuuliza mhandisi mmoja wa maji kama yale ni maneno ya wazee tu. Akacheka, akasema huo ndio ukaguzi wenyewe. Tuta la udongo lazima livujishe kidogo, hakuna la udongo lisilovuja. Tatizo ni maji yakitoka na udongo wa tuta lenyewe, maana yake yanachimba bomba humo ndani, na bomba hilo hupanuka kadiri maji yanavyopita, mpaka saa chache zinatosha kulimaliza. Dalili nyingine ni jasho kuongezeka wakati kina cha bwawa hakijapanda. Akaniongezea jambo ambalo nisingelidhani: usikimbilie kuziba tundu la kutokea kwa udongo wa mfinyanzi. Ukiziba hapa, maji yatatafuta njia mahali pengine. Wenye kazi yao hulifunika kwa mchanga na kokoto, maji yapite, udongo ubaki.

Tangu hapo kila nikienda bwawani, liwe la kijiji au la mji, natembea kwanza juu ya tuta kabla ya kushusha mizigo. Haichukui dakika ishirini. Naangalia ufa unaofuata urefu wa tuta. Naangalia miti iliyoachwa ikaota, maana mti ukifa mizizi huoza na kuacha vichochoro vya maji. Mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa navyo vivyo hivyo. Halafu njia ya ng'ombe. Hii watu huidharau sana, lakini ng'ombe wakivuka tuta mahali pamoja miaka mitano, pale panashuka kama tandiko la punda, na bwawa likifurika maji yatapita hapo hapo kwenye tandiko.

Na tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake. Ndiyo maana likawekewa utoro, ule mfereji mpana wa pembeni wa kutolea maji yaliyozidi. Sasa niwaambie nilichokikuta siku ile ile. Baba mkwe alinipeleka mpaka kwenye utoro, tukakuta viroba vya mchanga vimepangwa mistari mitatu, na nyavu zimefungwa juu yake. Vijana walitaka maji yabaki mengi zaidi na samaki wasitoroke na mafuriko. Ukiwasikiliza unawaelewa kabisa, kiangazi cha Dodoma ni miezi saba au minane. Lakini walichofanya ni kuziba mlango wa dharura wa nyumba ambayo wao wenyewe wanalala chini yake. Mzee hakugomba. Alimtuma mtu kwa mwenyekiti wa kijiji, na viroba vikaondolewa mbele yetu, kimoja kimoja, samaki wachache wakaenda zao.

Wanaodhani natia chumvi wakumbuke Solai, kule Nakuru nchini Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018. Bwawa la shambani, si la umeme wala la mji, lilipasuka wakati wa mvua kubwa na watu zaidi ya arobaini wakafa, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Na hapa kwetu kuna Kidete. Mto Kinyasungwe ukitoka huku Dodoma unateremka kuelekea Kilosa. Kidete lilikuwa bwawa la zamani la kupunguza nguvu ya maji hayo. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalipolizidi, mji wa Kilosa uliingia maji na Reli ya Kati ikasombwa, treni zikasimama kwa miezi.

Kinachonisumbua zaidi ni tope. Mabwawa mengi madogo ya Dodoma yamejaa mchanga na udongo wa milima iliyofyekwa. Watafiti walikuja kupima Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na hali ilikuwa mbaya wakati huo huo. Bwawa lililojaa tope hujaa haraka mvua ikinyesha, kwa hiyo utoro wake hufanya kazi mara nyingi kuliko ulivyokusudiwa. Halafu sisi tunaupangia viroba.

Haya, tuta ni zima, utoro uko wazi, watoto wanataka kuogelea. Hapa nitakuwa mkali: hapana.

Kwanza, maji ya lambo yanadanganya. Unaona watoto wa kijiji wamesimama kifuani, unadhani ni tambarare mpaka katikati. Udongo wa kujengea tuta huwa mara nyingi umechotwa humo humo ndani, karibu na tuta, na lile shimo bado lipo chini ya maji. Hatua moja kiunoni, hatua ya pili huna chini. Hatua ya tatu ni tope linaloshika mguu kama gundi.

Pili, kichocho. Hili nililipata mwenyewe. Niliingia maji ya magotini saa saba mchana kumsaidia mwanangu kutoa ndoana iliyonasa kwenye majani ya ukingoni. Usiku nikawashwa miguu, nikasema ni mbu. Miezi mitatu baadaye, haja ndogo ikaanza kumalizika na damu. Kwenye zahanati nikaambiwa nirudi kesho kati ya saa nne na saa nane mchana, na kabla ya kujaza kichupa nirukeruke kidogo nje, maana mayai ya minyoo hutoka zaidi saa hizo na mwili ukitikiswa. Mtu mzima na mkanda wangu wa ofisini, naruka nyuma ya zahanati, kuku wananitazama. Nilikutwa nayo. Dawa yake, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mtu, na ni chungu, kula kwanza.

Konokono wanaobeba kichocho hukaa kwenye majani ya ukingoni, na vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali, vikapenya kwenye ngozi bila kuhitaji kidonda. Kwa hiyo saa ambazo maji yanapendeza zaidi ndizo mbaya zaidi. Ukishakanyaga maji, usikimbilie kupima wiki ile ile, majibu yatakudanganya. Subiri miezi miwili hivi, lakini ukiona damu nenda mara moja. Maji ya kunawia miguu ya watoto nayachota jioni ya juzi yake na kuyaacha kwenye ndoo yenye mfuniko siku mbili. Vile vijidudu havivuki muda huo vikiwa hai.

Na ukiona ukingo una kijani kama rangi ya mafuta iliyomwagika, upande ambako upepo unasukuma, usiwaruhusu hata mbwa wakanywe. Kuchemsha hakuondoi sumu ya kijani hicho.

Basi raha iko wapi? Iko nchi kavu. Hombolo, bwawa lililojengwa 1957, ndilo ninalopenda kupeleka wageni. Maji yake yana chumvi, lakini ukikaa kwenye mwinuko asubuhi, mibuyu nyuma yako na ndege wa majini mbele, unasahau ofisi. Nunua samaki kwa mvuvi anayeshuka mtumbwini, fungua shavu uone wekundu. Wale waliookotwa wakielea alfajiri waache. Mwezi wa pili au wa tatu ongeza zabibu za huko huko. Mtumbwi bila jaketi la kuokolea maisha usipande, hata mvuvi akikuhakikishia amezaliwa humo. Muulize yeye habari za mamba na kiboko, naye akisema ondokeni saa kumi na moja, ondokeni saa kumi na moja.

Juni iliyopita tulikuwa tena ukweni. Nilipomaliza kushusha vyombo kwenye kilima, mbali na tuta, binti yangu hakuwepo. Nikamkuta amechuchumaa chini ya ule mkuyu na babu yake, chupa ya soda imekatwa shingo, imewekwa juu ya jiwe. Nikamwita aje kula.

"Subiri baba," akasema bila kugeuka, "bado hayajatulia."