Brahma ni muumba, sasa yeye kaumbwa na nani?

SWALI: Mhariri salama? Kuna picha moja ya Kihindu inanichanganya, mungu Vishnu kalala juu ya linyoka lenye vichwa vingi, kitovuni kwake limeota yungiyungi na juu ya ua kakaa Brahma mwenye nyuso nne. Brahma si ndo muumba jamani? Inakuwaje muumba naye azaliwe? Halafu kuna sehemu nimesoma katoka kwenye yai la dhahabu. Tushike lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, hapo we umemwangalia Brahma, mi nakuomba kwanza umwangalie nyoka. Anaitwa Shesha, na jina lake maana yake ni "kilichobaki". Kilichobaki cha nini? Cha ulimwengu uliopita! Yaani kwenye Purana, vile vitabu vya kale vya hadithi za miungu ya Kihindu, dunia haianzi mara moja ikaisha mara moja, inaumbwa, inaharibiwa, maji yanafunika kila kitu, Vishnu analala, halafu kunakucha upya. Mchana mmoja wa Brahma ni miaka 4,320,000,000 na usiku wake ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kazi ya Brahma sio kutoa kitu pasipo kitu, ni kama mtu anayeamka asubuhi na kuipanga nyumba ambayo vitu vyake vilishakuwepo. Ukilielewa hilo, kuzaliwa kwake hakushangazi tena.

Na kile kitovu hakikuwekwa pale kwa bahati mbaya, shina la ua lile mi naliona kabisa kama kitovu cha mtoto na mama yake, ila hapa mwenye mimba ni Vishnu, mwanaume, tena yuko usingizini. Zile nyuso nne wengi wanazihusisha na Veda nne, yale maandiko matakatifu ya kale kabisa ya Kihindu.

Yai nalo ni stori nyingine, wala haipingani na hii sana. Kwenye Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, maji yalitangulia, ikawekwa mbegu ndani yake, mbegu ikawa yai linalong'aa kama dhahabu, Brahma akakaa humo mwaka mzima, kisha kwa kuwaza tu akalipasua, nusu ikawa mbingu nusu ikawa ardhi. Ona maji yapo kote kote, kwenye yai na kwenye ua.

Ila kama unataka jibu gumu kuliko yote nenda kwenye Rig Veda, moja ya zile Veda nne, kitabu cha 10, wimbo wa 129. Unasema mwanzoni hakukuwa na kuwepo wala kutokuwepo, na kwamba miungu yenyewe imekuja baada ya uumbaji, sasa nani ajue ulitoka wapi? Unaishia kusema labda anayeuangalia kutoka mbingu ya juu kabisa anajua, au labda hata yeye hajui. Mi sijaona maandiko mengi ya dini yenye ujasiri huo.

SWALI: Na Lakshmi je, yule mungu wa kike wa utajiri, mke wa Vishnu? Mmoja kaniambia katoka baharini, mwingine anasema ana baba na mama.

JIBU: Wote wako sawa, tulia. Ile ya baharini ni pale miungu na asura, yaani mahasimu wao, walipoipekecha bahari ya maziwa kutafuta amrita, kinywaji cha kutokufa. Mlima Mandara ukawa upekecho, nyoka Vasuki akawa kamba, Vishnu akajigeuza kobe kuubeba mlima usizame. Kwenye Bhagavata Purana kilichotangulia kutoka sio utajiri, ni sumu, akainywa mungu Shiva ikamkwama kooni mpaka koo likawa la bluu, ndo maana anaitwa Nilakantha. Lakshmi alikuja baadaye, na kwenye Vishnu Purana katokea juu ya yungiyungi.

Swali lako nalo wala sio jipya, humo humo kwenye Vishnu Purana Maitreya anambana mwalimu wake Parashara: watu wanasema Lakshmi katoka baharini, mbona we unasema ni binti wa Bhrigu na Khyati? Parashara wala hahangaiki kutetea upande wowote, anamjibu kwamba yule mama wa ulimwengu hana mwisho, kama Vishnu mwenyewe, na kila Vishnu anaposhuka duniani naye anazaliwa tena kumfuata.