Jibu: PHP, nimechoka kurudia kweri zilezile kila ukurasa

Mkuu, umesema una mafaili zaidi ya thelathini na kila moja limebeba hatua zilezile za kweri (ombi kwa hifadhidata): prepare ya kuiandaa, execute ya kuituma na fetch ya kuchukua majibu. Nimepita humohumo.

Nilikuwa natengeneza mfumo wa kikundi cha wanunuzi wa asali hapa Tabora: mfugaji nyuki kaleta kilo ngapi, kalipwa au anadai. Enzi hizo bado natumia mysql_query, amri ya zamani ya PHP ya kutuma kweri, kila kinachojazwa nakipachika tu ndani ya kweri. Siku ya tatu karani akanipigia: "Fundi, mfumo umegoma, huyu mzee wa Ng'ambo haingii." Kumbe ile ritifaa (') ya Ng'ambo ilikuwa inafunga nukuu katikati ya kweri! Na huku kwetu majina ya Ng' ndiyo yamejaa. (mysql_query yenyewe iliondolewa PHP 7.0, mwaka 2015. Kama bado unayo mahali, hama.)

Nikahamia PDO, njia mpya ya PHP ya kuongea na hifadhidata, ambapo kweri ina alama ya ? na data unaipa kando. Ng'ambo ikaingia, ila nikawa kama wewe, mistari minne kila nikigeuka. Ndipo nikaandika hii:

function leta($db, $sql, $data = []) {
    $q = $db->prepare($sql);
    $q->execute($data);
    return $q;
}

Unaiita hivi:

$wote = leta($db, 'SELECT * FROM wafugaji WHERE kata = ?', [$kata])->fetchAll();

Ukitaka mmoja, malizia na fetch(). Jumla ya kilo tu, fetchColumn(). Ukitafuta kwa LIKE (sehemu tu ya jina), alama za asilimia zikae kwenye data, "%$jina%".

Ila kile kiulizo (?) hakibebi jina la jedwali wala la safu. Karani akibofya "panga kwa kilo", usichukue $_GET (kilichokuja na anwani ya ukurasa) ukaitupa kwenye ORDER BY, sehemu ya kweri inayopanga majibu. Ilinganishe na orodha ya safu unazoruhusu. Wengi wanaliwa hapa wakidhani prepare inalinda kila kitu.

Halafu usinogewe. Mimi nilinogewa nikaunda tafuta() yenye vigezo saba ili nisiione SQL kabisa. Ilipofika kuunganisha wafugaji na malipo kwa JOIN, nikajikuta naongeza cha nane. Niliifuta yote usiku uleule.

PHP yako toleo gani? Kabla ya 8.0, PDO ikikosea hunyamaza. Weka ERRMODE_EXCEPTION (mpangilio unaoifanya ipige kelele ikikosea) mwenyewe pale unapounganisha na hifadhidata, la sivyo leta() itakupa orodha tupu, na utadhani hakuna aliyeleta asali.