Bima ya mbwa itangulie miadi ya kwanza ya daktari

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limeuliza kama msomaji anayeishi Uingereza, na anayejiandaa kumpokea mtoto wa mbwa, akate bima kabla hajamleta nyumbani au angoje kwanza aone anavyokua. Jibu langu ni kwamba aikate kabla. Ninafanya kazi mapokezi katika kliniki ya wanyama hapa Leicester, na madai ya bima ni sehemu ya kazi yangu ya kila siku. Wengi hulijibu swali hili kwa kutaja ajali: mtoto wa mbwa atameza soksi, au atavunjika mguu akiruka kutoka kwenye kochi. Hayo hutokea, lakini sababu iliyo nzito zaidi ni rekodi ya matibabu.

Bima ya kawaida ya mbwa hailipii ugonjwa wala kasoro ambayo dalili zake zilionekana kabla mkataba haujaanza, hata kama wakati huo hakuna aliyejua ni ugonjwa gani. Dai linapowasilishwa, kampuni hutuomba historia yote ya mnyama tangu siku ya kwanza alipoonwa na daktari. Na mtoto wa mbwa huonwa mapema sana. Akiwa na wiki nane, ambao ndio umri wa chini wa kuuzwa, huletwa kwa chanjo, na daktari humpima mwili mzima, kuanzia meno na masikio hadi moyo na magoti, kisha huandika kila alichokiona.

Mama mmoja alimleta mtoto wake wa mbwa, wa mbegu ndogo ya Pomeranian, kwa miadi ya namna hiyo kabla hajakata bima. Daktari alimkuta mbwa ni mzima, ila aliandika mstari mmoja: pia ya goti la nyuma la kulia inateleza kidogo ikisukumwa kwa kidole. Hakukuwa na maumivu wala kuchechemea, na mama yule alielezwa, kwa haki kabisa, kwamba mbwa wengi wa mbegu ndogo huwa hivyo na baadhi yao hawahitaji matibabu maisha yao yote. Bima aliikata wiki iliyofuata. Mbwa alipotimiza mwaka na kuanza kuukunja mguu kila anapokimbia, ulishauriwa upasuaji wa zaidi ya pauni 2,000. Kampuni iliusoma mstari ule ikakataa kulipa. Na kwa kuwa mikataba mingi huvihesabu viungo vya pande mbili za mwili kuwa kitu kimoja, goti la kushoto nalo, ambalo halikuwa limeandikiwa neno lolote, likaondolewa kwenye bima. Mkataba ulisema hivyo tangu mwanzo, na sikuona mahali ambapo mama yule angeweza kukata rufaa akashinda.

Kutangulia kwa siku moja hakutoshi, kwa sababu mikataba mingi ina kipindi cha kusubiri, kwa kawaida siku 14 kwa magonjwa na siku chache kwa ajali, na dalili inayojitokeza ndani ya kipindi hicho huhesabiwa kuwa ya zamani. Na katika siku hizo 14 mtoto wa mbwa, aliyetengwa na mama yake na kubadilishiwa chakula, anaweza kwa urahisi kuharisha au kukohoa. Hapo ndipo inaposaidia bima ya bure ya wiki nne au tano ambayo wafugaji wengi makini humkabidhi mnunuzi. Mara nyingi bima hiyo huanza kazi papo hapo, bila kusubiri, mradi isajiliwe siku ileile mtoto anapochukuliwa. Nimewaona watu wakiiacha karatasi yake kwenye bahasha pamoja na hati ya chanjo hadi muda unapita, na jambo hilo hunisikitisha kila mara. Anayeipata aisajili, kisha kabla haijaisha aiulize kampuni hiyohiyo, kwa maandishi, kama maradhi yaliyoanza katika wiki zile yataendelea kulipiwa akihamia mkataba kamili. Akihamia kampuni nyingine, aelewe kwamba kule anaanza upya.

Mfugaji asiyetoa bima hiyo aombwe jambo jingine: mtoto apimwe na daktari kabla ya kukabidhiwa, na mnunuzi apewe nakala ya maandishi yote. Tangu Aprili 2020 sheria ya England, sehemu ya Uingereza ilipo Leicester, inamtaka mfanyabiashara wa watoto wa mbwa awauze mwenyewe, mahali walipozaliwa, wakiwa pamoja na mama yao, kwa hiyo mnunuzi anayo fursa ya kumuuliza uso kwa uso kuhusu nyonga za wazazi, kupumua kwao na ngozi zao. Sishauri hata kidogo mtu amcheleweshe mbwa mgonjwa kwa ajili ya kulinda bima. Nasema tu kwamba kasoro ikijulikana mtoto akiwa bado kwa mfugaji, mnunuzi ana nafasi ya kuzungumza naye na kuamua akiwa na taarifa mkononi.

Aina ya bima nayo huamuliwa mwanzoni, kwa sababu hiyohiyo ya rekodi. Iliyo nafuu hulipia ajali peke yake. Nyingine hulipia kila ugonjwa kwa miezi 12 kisha husimama, na nyingine hadi kiasi kilichowekwa kiishe. Iliyo ghali huurudisha upya ukomo wa malipo kila mwaka, mradi mkataba uhuishwe bila kukatika. Kwa mbwa wa mbegu ya Labrador mwenye mzio wa ngozi, ambaye atahitaji dawa kwa miaka mingi, bima ya miezi 12 humwacha mwenye mbwa peke yake mapema mno, na hawezi kuhama wakati huo kwa kuwa mzio umekwisha kuandikwa. Mwenye uwezo achague ile inayojirudisha kila mwaka.

Najua gharama inaumiza. Ada hutegemea mbegu na mtaa, hupanda umri unavyosogea, na ndani yake mna kodi ya asilimia 12. Mbwa akizeeka, kampuni nyingi humtaka mwenyewe achangie sehemu ya kila bili. Wapo wanaosema ni afadhali kuweka akiba kila mwezi. Kwa mbwa aliyekwisha kukua na mtu mwenye fedha tayari hoja hiyo ina nguvu, lakini mwenye mtoto wa mbwa huanza na akiba ya miezi miwili mitatu, ilhali bili moja ya upasuaji yaweza kuimaliza mara kumi. Sisi tuliozoea hospitali za umma za hapa, ambako hatudaiwi mlangoni, tukumbuke kwamba kwa wanyama hakuna mfumo kama huo. Shirika la hisani la PDSA, lililoanzishwa mwaka 1917, huwahudumia wanaopokea misaada fulani ya serikali, na msomaji mwenye kipato kidogo aulize mapema kama anastahili.

Fomu ijazwe kwa ukweli. Ikiulizwa kama mbwa amewahi kuonwa na daktari, kikohozi cha siku mbili kitajwe. Baada ya kununua, mteja ana siku 14 za kuvunja mkataba, na siku hizo azitumie kuusoma, hasa kurasa za yasiyolipiwa na kile kifungu cha viungo vya pande mbili. Aliyekwisha kulipa amana na anasubiri wiki chache kumchukua mbwa wake ana muda wa kutosha: ampigie mfugaji kwanza, aulize kuhusu bima ya bure na vipimo, kisha ndipo azungumze na kampuni.