Koti la mvua nimeshalinunua

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama kuna maana ya kukaa Costa Rica miezi mitatu kusomea kilimo kisichochosha ardhi, wakati mimi mama yako nalima mtama hapa Kongwa bila kuvuka mpaka wowote. Na kama kweli nitauza ng'ombe.

Nenda. Ng'ombe nitamuuza yule wa pembe moja. Baba yako atanuna wiki nzima, halafu atakula.

Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa hapa na mpango wao wa karanga. Babu yako alikuwa kijana, aliwaona. Matrekta kwa mamia, mibuyu ikawashinda, na kiangazi kilipoingia udongo ukakauka kama saruji, karanga zikabaki humo humo ardhini. Kufika 1951 wakaacha, mamilioni ya pauni yamekwisha. Walisafiri mbali, ila hawakumuuliza Mgogo hata mmoja kifuku chetu kikoje.

Lakini kisiki hai, ile njia ya kutunza machipukizi ya mti uliokatwa badala ya kupanda mche, nacho kilikuja na msafiri. Tony Rinaudo, Mwaustralia, alikuwa Niger miaka ya 1980 akipanda miche inayokufa, mpaka siku alipoinama akatazama vichaka vizuri: kumbe ni miti iliyokatwa, mizizi ingali hai. Unakikumbuka kile kisiki cha mgunga ulichokuwa unajikwaa ukienda shule? Nilibakiza machipukizi mawili, mengine nikayapogoa, nikafunga kitambaa chekundu ili mtu asikate. Sasa kinanipita urefu, na mbuzi wanalala kivulini kwake.

Kwa hiyo usituletee miche ya huko. Kwao mvua ni ya kumwaga. Sisi tuna msimu mmoja, milimita 500 au 600 kwa mwaka, na Februari ikiamua kukauka inakauka. Nililetewa mimi mbegu ya mahindi ya nchi ya mvua na mtaalamu mmoja kwenye semina. Yalinifika magotini, yakajikunja. Mwaka ule tulikula mlenda kwa ugali wa kununua.

Ninachotaka ukaulize ni hela. Wenzetu wa Costa Rica walifyeka misitu yao sana, kisha tangu 1997 serikali inamlipa mkulima anayeuacha msitu usimame, na sehemu ya fedha hizo inatoka kwenye kodi ya mafuta ya magari. Nani anapita kuhesabu miti? Asiye na hati ya shamba analipwa? Uliza hilo la hati mara mbili, maana hapa kijijini wengi wetu hatuna karatasi yoyote.

Kabla hujaondoka, pita Kondoa. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye yale makorongo ili ardhi ipone. Keti na akina mama wa kule, wakueleze maziwa ya watoto walikuwa wanayapata wapi.

Pasipoti usiicheleweshe. Koti la mvua nimekupatia la mtumba sokoni Kibaigwa. Muuzaji alishangaa, akaniuliza nakwenda nalo wapi.

Mama yako